Nukta Nyekundu kwa Harusi ya Joséline

Jumamosi, 15 Novemba 1997

Leo mvua ya kwanza ya maana imenyesha hapa Mpanda, na leo hiyo hiyo nimeona kitu ambacho sijawahi kukiona, mimi niliyeona mengi. Naandika ili watu wasije kusema Silvesta alitunga.

Waliniita ukumbini kwenye semina ya wakulima wa tumbaku kwa sababu kipaza sauti chao kilikuwa kinakoroma. Nikakiponya kwa kisu tu. Wakasema fundi kaa, kunywa soda. Mkufunzi, mzungu mwenye Kiswahili cha kitabuni, akatoa mfukoni kitu kama kalamu, akabonyeza, na ukutani pakatokea nukta nyekundu. Ikatembea juu ya picha ya jani la tumbaku, ikapanda darini, ikashuka kifuani kwa mwenyekiti, naye akajipangusa kama kaingiwa na siafu. Ukumbi mzima ukacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia ile kalamu.

Mwisho nikamfuata. "Mwalimu, humo ndani mna nini?"

Akasema ni leza, mwanga uliokusanywa ukawa kama uzi mmoja, na kwamba ndugu yake yumo hata ndani ya mashine ya kupigia sidii, zile santuri ndogo zinazong'aa. Alitaka kuendelea lakini mwenyekiti akamvuta wakapige picha. Mimi nilikuwa nimeshaelewa.

Ladislas alikuwepo. Ni kaka wa mke wangu Marta, analima tumbaku kule Katumba. Nikamwambia mbele ya wenzake: "Ile nitaitengeneza."

"Kama ulivyotengeneza ndege, muramu?"

Wao kwa Kirundi shemeji ni muramu, na akilivuta neno hilo namna ile najua anataka watu wacheke. Ndege kweli niliitengeneza, ya wawindaji, kwa mpira wa ndani wa baiskeli, ikaruka mpaka Arusha. Yeye habari hiyo haitaki kwa sababu hakuwepo.

Damu ikanipanda. Nikasema: "Joséline mwanao anaolewa kabla ya Kwaresima. Siku hiyo nitakaa ng'ambo ya uwanja, nimwekee bwana harusi nukta nyekundu kwenye paji la uso. Nikishindwa, sisimami kusema."

Wote wakanigeukia. Kusema kwenye harusi za ukoo wa Marta ni kazi yangu toka nimwoe. Watoto wa Ladislas wote wananiita mjomba, na hakuna hata mmoja aliyetolewa nyumbani bila maneno yangu. Watu wanatoka Magamba kwa miguu kuja kunisikiliza.

"Nyie mmesikia," Ladislas akawaambia wenzake. Akanipa mkono.

Jumatatu, 24 Novemba

Nathanael, yule mpishi wa kambi ya wawindaji, kaniletea mashine ya sidii iliyoingia maji. Wageni waliitupa. Nimeifungua kabla hajamaliza chai. Ndani kuna kijicho cha kioo, kidogo kuliko punje ya mtama, ukikigeuza kinang'aa zambarau. Ninacho!

Jumatano, 26 Novemba

Mvua.

Jumapili, 30 Novemba

Sikwenda kanisani. Marta kaenda peke yake na hasira zake.

Nimekitoa kijicho pamoja na kioo chake, nikakilehemu waya mbili nyembamba kama nywele. Chuma cha kulehemu nakipasha kwenye mkaa, na mkono wangu hautetemeki, hilo hata maadui wanakiri. Nikakitia kwenye mwili wa tochi, nikaunga na balbu ndogo ili umeme usije ukakiua. Betri nimezionja kwa ulimi, zinauma vizuri. Nikaelekeza ukutani. Nikabonyeza.

Hakuna kitu.

Nikageuza waya. Hakuna kitu. Nikarudisha, nikafunga dirisha, nikatundika kanga mlangoni. Ukuta ni ule ule na ufa wake.

Basi nikafanya alichonifundisha marehemu Ponsian, fundi aliyeninyanyua nikiwa nimeishia darasa la tano. Alisema balbu ikikubishia, usiulize mita, chungulia mwenyewe. Sisi wote tuliotoka mikononi mwake tunapima hivyo, unaziba mwanga wa nje na kusogeza jicho mpaka kope zinagusa. Nikajifunika blanketi kichwani, nikachungulia kwa jicho la kulia, jicho langu la kazi.

Na imo! Ndani kabisa kuna wekundu hafifu, kama moto wa sigara unaotaka kuzima. Kwa hiyo ni nzima, ila ni dhaifu. Kinachotakiwa ni kuitia nguvu. Nimekula ugali nimesimama.

Jumatano, 3 Desemba

Hakuna jua la kuanikia betri. Nimezipanga pembeni ya jiko zipate joto.

Marta: "Baba Emelyne, hizi betri zikipasuka kwenye mboga utakula wewe?"

Mimi: "Mama Emelyne, unapika mboga au unapika historia?"

Marta: "Napika kisamvu. Toa vyuma vyako."

Jumanne, 9 Desemba

Nimesafisha kioo kwa spiriti. Nimechungulia: wekundu ule ule. Ile balbu ndogo nimeitoa, nikaweka rizista, kidude cha kupunguza umeme. Nimechungulia: umeongezeka kidogo, au ni mimi ninayetaka uongezeke. Nimesogeza kioo mbele, nyuma, mbele. Kila nikisogeza lazima nichungulie, nitajuaje vinginevyo? Ukutani bado hakuna kitu.

Nikitoka ndani ya blanketi kuna doa linaelea mbele yangu, la kijani. Ni kawaida. Ukiangalia jua unapata doa pia, na mimi jua nimeliangalia mpaka likanikwepa.

Jumapili, 14 Desemba

Ladislas kaja na baiskeli, kaleta maharage. Kalowa chapachapa lakini mdomo wake mkavu.

"Muramu, nimepita pale stesheni wananiuliza jua la pili linachomoza lini."

"Waambie wajitayarishe na miwani."

"Lete basi na mimi nichungulie. Marta anasema unashinda humo blanketini kama kuku anayelalia."

Akainyanyua tochi, nikamnyang'anya. Nimemwambia hakuna atakayechungulia kabla haijakamilika, hata akija Askofu. Akachungulie nini, akatangaze Katumba yote kwamba shemeji kafungia sigara ndani ya tochi? Kila aliyefika hapa anataka kuchungulia. Marta naye anataka. Nimewanyima wote. Kazi ni yangu, na jicho litakaloona kwanza ni langu.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Wali na kuku. Nimechungulia mara moja tu.

Ijumaa, 2 Januari 1998

Nimegundua kuna skrubu ndogo sana pembeni ya kijicho, kichwa chake kama cha sisimizi. Ukiizungusha upande mmoja, nguvu inaongezeka. Nimeizungusha, nikaongeza na betri moja. Wekundu umepanda! Nimeuangalia kwa muda mrefu, bila kupepesa, maana ni kazi yangu na ni mzuri.

Ukutani hakuna kitu. Hii mashine ina dharau.

Doa halijaondoka toka asubuhi. Sasa si la kijani, ni kama kivuli. Moshi wa kuni mbichi huu. Na mvua hii nani ana kuni kavu?

Alhamisi, 8 Januari

Reli imekatika huko njiani, maji yamebeba tuta. Treni haiji. Nilikuwa nimeagiza betri na rizista Tabora. Redio inasema mvua hizi zina jina, El Nino. Kwetu hata mvua sasa zina jina la kizungu na taa yangu haina.

Jumapili, 11 Januari

Nimefanya jaribio. Nimefunga jicho la kushoto nikamwangalia Marta akichambua mchele.

Hana pua. Nikiangalia pua, pua haipo. Nikiangalia ungo, ungo una tundu katikati na mchele hauanguki. Nikafunga la kulia nikaangalia kwa la kushoto: pua ipo, ungo mzima.

"Unanikonyezea nini uzee huu?" Marta akacheka. Alifurahi. Sikumwambia kitu.

Jumatano, 14 Januari

Nimeharibu redio ya katekista. Nililehemu pembeni ya mahali pake, na chuma kikashukia kidole gumba. Mimi! Nimemwambia redio ilikuwa na laana ya kiwandani. Akaniangalia sana.

Nimesema uchovu. Nimesema moshi. Jana nikaanza kufikiri labda kuna mtu ananiroga, na mtu wa kwanza kumfikiria alikuwa Ladislas, maana toka Novemba anaomba nishindwe. Nikiendelea kukaa na wazo hilo ndani ya chumba kimoja na mvua hii nitapigana na mtu.

Nazunguka tu. Nakaa nasimama. Natoka barazani, nakuta mvua, narudi, naishika tochi, naiweka.

Jumatatu, 19 Januari

Ladislas alikuja kupanga mambo ya harusi. Nikammiminia chai nje ya kikombe. Chai ikapita kwenye meza mpaka kwenye suruali yake.

Nilingoja maneno yake. Nilikuwa nimeandaa hata la kumjibu. Akatoa leso. Akafuta, akachukua birika mkononi kwangu, akamimina mwenyewe, changu na chake.

Angenicheka ingekuwa nafuu.

Ijumaa, 6 Februari

Nimepata ufumbuzi, na ni wa akili kuliko mwanzo. Nukta ikigoma kutoka nje, watu wataifuata ndani. Nimechukua boksi la viatu, nimelipaka masizi, tochi nimeifunga humo ndani ikiangalia tundu. Atakayetaka kuona leza ya Silvesta atainama, ataziba jicho moja, atachungulia. Mmoja mmoja, kwa mstari, kama kwenye Komunyo. Bibi harusi wa kwanza, kwa heshima. Wekundu utawatosha, wengi hawajaona hata sidii.

Kwanza nitajaribu kwenye paji la uso, jioni, giza likianza kuingia. Labda giza la uwanjani ni tofauti na la nyumbani kwangu. Ikigoma, boksi.

Hotuba ipo tayari. Ina simba wawili.

Ijumaa, 20 Februari

Tumelala Katumba kwa Ladislas. Betri mpya. Sijatulia. Nimejaribu hotuba kwenye banda la mbuzi na wamesikiliza vizuri kuliko binadamu wengi.

Jumapili, 22 Februari

Naandika na jicho la kulia nimelifunga kwa kitambaa. Mistari inaenda pogo, aniwie radhi atakayesoma.

Harusi ilikuwa jana. Mvua ilitupa nafasi toka saa sita. Misa ilikwenda vizuri, Joséline alipendeza, na Aristide, bwana harusi, kijana wa Magamba, alivaa suti ya mtu mnene kuliko yeye. Kulikuwa na kamera ya video, mambo makubwa. Alikuja nayo Cletus, kijana wa Sumbawanga, na kila alipoielekeza watu waliacha kutafuna.

Jua likazama upande wa msitu. Mshereheshaji akaita: "Mjomba Silvesta!" Uwanja mzima ukapiga vigelegele. Nikakaa ng'ambo ya uwanja kama nilivyoahidi, nikainua tochi, nikalenga paji la uso la Aristide. Nikabonyeza.

Hakuna kitu. Nikasogeza kidogo. Hakuna kitu. Watu wanatazama uso wa Aristide, Aristide ananitazama mimi, anatokwa na jasho. Vijana wakaanza: "Iko wapi?" "Imekimbilia Arusha na ile ndege!" Kicheko hicho, mpaka wapishi wakatoka jikoni. Josephat, baba mdogo wa bwana harusi, alicheka kwa kupiga meza.

Mimi sikutetereka. Nikasema: "Nyie mnataka kuiona mbali, ilhali mambo makubwa yanaonekana karibu!" Nikafunua boksi, nikatia tochi humo, nikawasha. "Bibi harusi aje wa kwanza, na watoto wajipange nyuma yake." Watoto wakaja mbio, mstari ukafika mpaka kwenye sufuria za pilau. Joséline akainuka, akaanza kukusanya shela lake.

Hapo Cletus akanivuta shati.

"Mjomba, samahani. Hiyo taa yako inaniharibia picha."

"Taa ipi? Huoni wanavyonicheka?"

"Hii. Ulipomwelekezea bwana harusi ilimwekea nyota kwenye paji la uso. Na sasa inawaka humo kwenye boksi kama watu wanachomelea geti. Angalia mwenyewe."

Akanisogezea kamera. Ina kidirisha kidogo cha kuchungulia, picha yake nyeusi na nyeupe. Jicho la kulia halioni katikati, nikaweka la kushoto.

Naapa kwa jina la marehemu mama yangu, na safari hii sizidishi hata chembe. Nililiona boksi langu, na kwenye tundu kulikuwa na moto. Mweupe, mkali, umemwagika mpaka pembeni ya picha. Nikatoa jicho nikaangalia boksi lenyewe: tundu jeusi, mwanga hakuna. Nikarudi kwenye kidirisha: moto. Mashine ya Cletus ilikuwa inaona mwanga ambao mtu hauoni.

Haikuwa dhaifu. Haikuwa dhaifu hata siku moja. Toka Novemba ilikuwa inawaka kwa nguvu zake zote, na kawekundu kale nilikokuwa nakachungulia ni mkia tu uliobaki nje ya shimo, mnyama mwenyewe yuko ndani. Nawajua wachomeleaji wa gereji, nayajua macho yao wanaochomelea bila kioo. Ungo wa Marta wenye tundu, pua yake, chai, redio ya katekista, vyote vikanijia kwa pamoja nikiwa nimeinama pale.

Nikainua kichwa. Joséline ameshaweka mkono kwenye boksi. Amefumba jicho moja, anainama.

Sijui nilifikaje. Niliruka meza ya zawadi, hilo watu wengi waliliona, sitaji urefu wake. Nikaingiza mkono nikang'oa waya. Boksi likaanguka, Joséline akashika kifua.

"Mjomba! Vipi?"

Watu wamesimama. Na mimi nilikuwa nayo mdomoni, habari kubwa kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na ya kweli. Kwamba nukta ilikaa kwenye paji la uso la Aristide kama nilivyosema, toka ng'ambo ya uwanja kama nilivyosema. Kwamba Silvesta wa darasa la tano katengeneza mwanga usioonekana.

Lakini nikawaangalia. Josephat bado ana machozi ya kicheko. Vijana wanasubiri. Nikisema inawaka ila haionekani, na inaunguza macho, nani atakayeamini, kwa mdomo huu wa ndege na mpira wa baiskeli? Wataiunga tena waya, watachungulia makusudi ili wanikamate uongo. Wa kwanza angekuwa Ladislas, na nyuma yake watoto wote wale.

Nikasema: "Imekufa."

"Nini?"

"Taa imekufa. Haikuwahi kuwaka. Nilishindwa."

Wakacheka mpaka mshereheshaji akashindwa kuwarudisha. Nikachukua boksi, nikaenda kukaa karibu na Marta. Kwa kuwa nilishaahidi, sikusimama kusema. Alisema Josephat, akaongelea bei ya mbolea.

Marta alinisogelea. Alilitoa boksi mapajani kwangu akaweka sahani.

Jumatano, 25 Februari

Jumatano ya Majivu. Kijicho cha leza nimekisaga kwa nyundo, kioo na vyote, nikamwaga chooni.

Jumanne, 3 Machi

Mganga wa macho pale hospitali kanimulika. Anasema nyuma ya jicho kuna kovu na halina dawa, ila la kushoto ni zima. Akaniuliza niliangalia nini. Nikasema kupatwa kwa jua. Akasema halijapatwa. Nikasema kwetu lilipatwa.

Marta nimemwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga jicho lake la kulia kwa kiganja, akaniangalia kwa moja, muda mrefu. Halafu akaenda kutoa betri zilizobaki jikoni.

Jumamosi, 7 Machi

Ladislas kaja. Mvua ndogo. Alikaa bila kuanza utani, mpaka nikaanza kuogopa kuna msiba.

"Lile boksi liko wapi?"

"Nimelichoma. Na kijicho nimekisaga."

"Vizuri." Akanywa chai. "Cletus kaniambia."

"Kakuambia nini?"

"Alichokuonyesha. Kwamba Joséline alikuwa amebakiza kidogo."

Nikajishughulisha na chuma cha kulehemu, ambacho kilikuwa cha baridi.

"Desemba nilikuomba nichungulie," akasema, "ukaninyang'anya. Nilikutukana njia nzima mpaka nyumbani."

"Ilikuwa roho mbaya tu, shemeji."

"Najua. Sasa nipe hiyo redio niliyokuletea mwaka juzi. Nitakushikia waya, wewe ulehemu. Wewe sema, mimi nitakuonyesha mahali."

Tumelehemu waya tatu. Moja imeshika.

Jumapili, 29 Machi

Mvua zinaelekea kuisha, treni imepiga honi jana kwa mara ya kwanza. Tulikuwa kwa Ladislas kuangalia mkanda wa harusi. Jenereta ya kuazima ilikuwa nje mbali, karibu na mti wa mpapai, kwa sababu ya kelele. Chumba kimejaa, watoto mpaka dirishani.

Tukafika pale ninapoinua tochi. Nikajiona, mwembamba kuliko ninavyojidhania. Halafu kamera ikamgeukia Aristide, na katikati ya paji la uso, mbele ya watu wote, ikakaa nyota nyeupe. Ikasogea kidogo, ikarudi, ikatulia. Safi kabisa. Sijawahi kulenga vile maishani.

"Tepu mbovu hapo," Josephat akasema.

"Tepu mbovu," wengine wakaitikia.

Aristide akajipapasa kichwa. Cletus hakuwepo. Ladislas alinitazama. Nikasema: "Kweli, tepu ni mbovu."

Ndipo bibi Hana, mama mkubwa wa Aristide, asiyeficha neno, akaniuliza kwa sauti: "Fundi, mbona unaangalia kwa upande kama kuku? Jicho limekuwaje?"

Chumba kizima kikageuka. Nikafungua mdomo. Na mimi, ambaye sijawahi kukosa, nikakuta hakuna kitu mle. Nilikuwa na ile ya kweli tu, na siwezi kuitoa.

"Swila," Ladislas akasema.

"Eh?"

"Swila, nyoka wa kutema. Kamtemea shambani kwangu, wiki ile ya harusi. Ndiyo maana taa ilimshinda, alikuwa anatengeneza kwa jicho moja."

"Ulimwona?"

"Nilikuwa nimesimama karibu kama hapa na wewe. Mrefu..." Mkulima huyu wa tumbaku, ambaye miaka yote kazi yake ni kunipunguzia hadithi, akatafuta kwa macho, akanyoosha mkono. "Toka hapa mpaka mlangoni. Naye muramu alimshika shingo. Malizia mwenyewe, muramu."

Wote wananiangalia, hata mkanda hakuna anayeutazama tena.

"Mpaka mlangoni?" nikasema, nikasimama. "Mama mkubwa, msamehe shemeji yangu, siku ile alikuwa na woga, hakupima vizuri. Kichwa nilikishika mimi, ndiyo. Lakini mkia ulikuwa kule nje, umejizungusha kwenye mpapai."